Barua ya Wazi kwa Waziri wa Mazingira wa Kaunti: Miti ya Bustani Yetu Iandikwe Majina

Mheshimiwa,

Salamu. Mimi ni mwalimu wa Gredi ya 4 hapa Kisumu. Juzi niliwapeleka wanafunzi wangu 38 kwenye bustani ya umma, kila mmoja na daftari na chupa ya maji. Kazi yao ilikuwa fupi: chora mti, andika jina lake, eleza una faida gani. Kuchora walichora. Kwenye jina ndipo tulipokwama, maana hakuna mti hata mmoja wenye kibao chake. Vibao tulivyovikuta ni vya waganga na vya nyumba za kupangisha, vimepigiliwa misumari kwenye magome, na chini ya kila msumari utomvu umeganda.

Tukafika kwenye mwegea. Matunda yake yananing'inia kwenye vikonyo virefu kama kamba, mazito kama michi. Nilikuwa nawaeleza kwamba maua yake hufunguka usiku na popo ndio huyachavusha, mara kijana mmoja ambaye darasani huwa hasemi akasema, "Huu ni yago. Nyanya aliniambia tunda lake ndilo walilozika badala ya babu, kwa sababu ziwa halikumrudisha."

Wenzake walinyamaza. Nami nilinyamaza. Waluo wanaijua desturi hiyo: mtu akipotea na mwili usipatikane, tunda la yago huzikwa mahali pake. Mheshimiwa, mti wenye habari nzito kiasi hicho umesimama katikati ya mji na watu wanaupita kama nguzo ya stima.

Na si huo tu. Pale pale kuna mkwaju, ambao nyumbani, kwa Kijaluo, ni chwaa. Kuna mkuyu, yaani ng'owo. Kuna siala, ambayo nguzo zake zimebeba mapaa mengi huku kwetu.

Nairobi Arboretum, bustani ya miti ya jiji hilo, ilianzishwa 1907 ili kujaribu miti ya kuni za treni; reli yenyewe ilikuwa imefika hapa Kisumu 1901. Shamba la kuni limekuwa mahali ambapo mtu hutembea akisoma majina ya miti. Wataalamu wa kuhakiki majina hawako mbali nasi pia: Chuo Kikuu cha Maseno kina bustani yake ya mimea.

Ombi langu ni vibao vidogo vya bati, jina la Kijaluo likitangulia, kwa kuwa ndilo mtoto atakalokwenda kumuuliza nyanya yake, kisha la Kiswahili, kisha la kisayansi: yago, mwegea, Kigelia africana. Tafadhali visipigiliwe. Shina hunenepa mwaka hadi mwaka, na waya uliokazwa nao hulikata gome, ambako ndiko chakula cha mti hupita. Vifungwe kwa waya wenye springi, unaotanuka mti unapokua. Na misumari ya waganga ing'olewe.

Orodha ya miti 12 ya kwanza ninayo, kwa mwandiko wa watoto wenyewe. Wazazi wamekubali kuchangia bati na rangi. Kilichobaki ni barua ya ruhusa kutoka ofisini kwako, na afisa mmoja wa kutembea nasi siku hiyo. Watoto wameshaamua tuanzie kwenye yago, na yule kijana ndiye atakayefunga waya.

Wako mwaminifu,
Mwalimu, Kisumu