Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kushika Kipokezi Hakutoshi

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji, nawasilisha taarifa ya mwaka ya umoja wetu wa walimu wa biolojia na wataalamu wa maabara wa Mkoa wa Tabora.

Nianze na yale mafupi. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, mimi nitasema tu kwamba ada huingia kwa kusuasua na rambirambi hutoka mbio. Wenzetu wa Kaliua na Sikonge wameendelea kufika vikaoni hata masika, barabara zikiwa matope matupu. Wa mjini mnaokuja kwa miguu na bado mnachelewa, mnajijua.

Sasa mada ya mwaka. Mliamua tuchague jambo moja tulichimbe badala ya kurukaruka, na likachaguliwa hili: jinsi saitokini, yaani protini ambazo seli za kinga hutumia kupeana taarifa, zinavyoshika vipokezi vyake, yaani protini za juu ya seli zinazopokea taarifa hizo. Kuna walimu waliouliza litamsaidia nini mwanafunzi wa kidato cha nne. Swali halali. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliwakuta na malaria takriban asilimia 23 ya watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa mkoani kwetu, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 8. Huyo mwanafunzi ana mdogo wake nyumbani anayechemka homa, na homa ile ni kazi ya protini hizi.

Seli nyekundu zilizojaa vimelea zinapopasuka, yanayomwagika huzishtua makrofaji, seli za kinga zinazomeza vimelea, nazo hutoa saitokini tatu: TNF, interlukini-1 na interlukini-6. Hizi hushika vipokezi kwenye kuta za mishipa midogo ya damu ndani ya ubongo, jirani na haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoongoza joto la mwili. Seli za hapo hutengeneza prostaglandini E2, na hiyo ndiyo inayouambia ubongo upandishe joto. Parasetamoli huzuia prostaglandini hiyo isitengenezwe. Vimelea haivigusi, na wao wakiendelea kupasua seli, saitokini zinaendelea kutoka. Ndiyo maana homa hushuka kwa saa chache kisha ikarudi pale pale, na mama akadhani dawa ni feki.

Tulipofika kwenye kushikana kwenyewe, mjadala ulichukua vikao kuliko tulivyopanga. Karibu sote tumefundisha kwa mfano wa kufuli na ufunguo, ambao Emil Fischer aliutoa mwaka 1894 akieleza vimeng'enya. Kwa umbo la protini kulingana na umbo la kipokezi, mfano unafaa. Kwa ishara, unapotosha, maana unamfanya mwanafunzi aamini kwamba ufunguo ukiingia tu, mlango umefunguka.

Tazameni interlukini-6, ambayo jeni yake ilitambuliwa mwaka 1986 na kundi la Toshio Hirano na Tadamitsu Kishimoto huko Osaka. Kwanza hukaa kwenye kipokezi chake, IL-6R. Hapo hakuna kinachotokea, kwa sababu kipokezi hicho hakina mkia wa kupeleka ishara ndani ya seli. Wawili hao wakishashikana ndipo wanapoweza kuikamata protini ya tatu, gp130. Muundo uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kundi la protini sita: interlukini-6 mbili, IL-6R mbili, gp130 mbili. Mikia ya gp130 upande wa ndani inaposogeleana, vimeng'enya vya JAK vilivyoning'inia humo huwashana kwa kuongezeana fosfeti, kisha huiongezea mikia yenyewe. Protini iitwayo STAT3 hutua hapo, nayo ikapewa fosfeti, ikaungana na mwenzake, ikaingia kwenye kiini kuamsha jeni. Kwenye ini, moja ya matokeo ni CRP, protini ya damu inayopanda mwili ukipambana na maambukizi, kile kipimo ambacho wenzetu wa maabara hukisoma mara kwa mara bila kufikiria kimetoka wapi.

Mtaalamu mmoja wa maabara akauliza: kama IL-6R ipo kwenye seli za ini na baadhi ya seli nyeupe tu, mbona balaa lake huenea mwili mzima? Lilikuwa swali bora la mwaka. Jibu ni kwamba vipande vya IL-6R huelea kwenye damu vikiwa huru. Interlukini-6 ikishikana na kipande hicho, inaweza kuitumia gp130 ya seli yoyote, na gp130 ipo karibu kila mahali. Dawa ya tocilizumab, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Julai 2021 kwa wagonjwa mahututi wa UVIKO-19, huifunika IL-6R ya aina zote mbili, iliyo kwenye seli na inayoelea. Bei yake tusiizungumze leo.

Mfano wa pili ndio uliowabadilisha waliokuwa wabishi. Mwili wenyewe hutengeneza protini inayofanana na interlukini-1, inayokaa kwenye kipokezi kilekile, ikakishika barabara, na seli isipate habari yoyote. Sababu ni kwamba haiwezi kukivuta kipokezi saidizi kije kukamilisha kundi. Ni breki ya asili, na imekwisha kufanywa dawa iitwayo anakinra.

Wa tatu unatuhusu kwa damu. Juu ya seli nyekundu za watu wengi duniani kuna kipokezi kiitwacho Duffy. Hushika kemokini, yaani saitokini zinazoziita seli za kinga, za aina nyingi, ikiwemo interlukini-8, lakini hakipelekei seli ishara ya kawaida ya kemokini, huzizoa tu. Plasmodium vivax, aina mojawapo ya vimelea vya malaria, hukitumia kama mlango, na mwaka 1976 kundi la Louis Miller nchini Marekani lilionyesha kwamba wasio nacho hawaambukizwi kirahisi. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hawana Duffy kwenye seli nyekundu, kwa badiliko la herufi moja katika sehemu inayowasha jeni yake. Kwenye kuta za mishipa ya damu kipo kama kawaida. Msiwaambie wanafunzi kwamba kinga hiyo ni kamili: vivax imepatikana kwa watu wasio na Duffy huko Madagaska na Ethiopia. Na falsiparamu, kimelea cha malaria cha aina nyingine anayetusumbua sisi, ana milango yake mingine.

Kamati inapendekeza mambo mawili yapigiwe kura. Kwanza, tuandae michoro mikubwa ya karatasi ya hatua hizi kwa ajili ya shule, kwa sababu projekta bila umeme ni sanduku. Michoro ya majaribio mmeiona ukutani. Pili, mada ya mwaka ujao iwe kingamwili, protini za kinga zinazoshika vimelea, ili wenzetu wa maabara watuongoze kupitia vipimo vya haraka wanavyovitumia kila siku. Nafasi ya katibu msaidizi iko wazi kwa kuwa aliyekuwepo amehamishwa kikazi. Majina yapokelewe kabla ya chakula, na mwenye deni la ada hapigi kura, kama katiba yetu inavyosema.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti