Mkaguzi, jifungie chooni kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni sajenti mstaafu wa Jeshi la Polisi, WP, yaani askari wa kike, wa miaka 31 kazini. Kila nikiona gazetini picha ya utepe ukikatwa mbele ya jengo la msaada wa wafadhili, jicho langu hukimbilia mlangoni. Nataka kujua komeo liko upande gani.

Nina sababu. Miaka michache kabla sijastaafu, kituo nilichokuwepo kilipata jengo la askari wa kike: vyumba viwili vya kupumzikia wa zamu, chumba cha kubadilishia nguo, matundu manne ya vyoo na mabafu mawili. Tulilingoja kama mvua. Kabla ya hapo tulivalia kombati stoo, mmoja akiegemea mlango kwa mgongo. Usiku ukibanwa na haja unamwamsha mwenzako mwende wote, maana choo kilikuwa kimoja, cha askari wote na mahabusu pia.

Siku ya ukaguzi walikuja watu saba, wanaume watupu. Mimi niliitwa dakika za mwisho, nadhani kwa ajili ya picha. Wakagonga kuta, wakapima vyumba, wakahesabu vigae, wakasifia rangi. Nikaomba ruhusa niingie chooni, wakadhani nimebanwa. Nikavuta mlango nijifungie, komeo sikuliona. Kutoka nje, lile pale! Milango ya vyoo ilikuwa imeagizwa pamoja na ya mahabusu, ikaja na makomeo ya mahabusu. Wakubwa wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha nikamwaga ndoo ya maji kwenye tundu la kwanza, yakaibukia la tatu. Hapo aliyeendelea kucheka sikumsikia.

Chumba cha kubadilishia nguo kiliwekewa dirisha la kioo cheupe, linatazama yadi ya magari. Tangi la lita 2,000 lilikuwa juu ya mnara wake, zuri, ila bomba la kulijaza halikuwepo. (Makadirio yalisema tangi, wakaleta tangi.) Pa kutupia pedi hapakuwa na kitu. Nilipouliza, mhandisi wa wafadhili, kijana mstaarabu kabisa, aliandika kwenye daftari lake huku akitazama viatu. Cheti cha kukamilika kwa kazi kilisainiwa mchana uleule. WP mmoja mgeni kituoni akaninong'oneza, "Afande, kwa hiyo tutaendelea kwenda wawili wawili?"

Maneno hayo yalinirudia juzi. Mpwa wangu anayesomea uhandisi alikuwa akinieleza habari za Afghanistan, ambako Marekani iliunda mwaka 2008 ofisi maalumu ya kukagua fedha za ujenzi mpya, SIGAR. Yeye alivutiwa na kituo cha mazoezi cha polisi mkoani Wardak: kilijengwa 2012 kwa karibu dola nusu milioni, kikapokelewa na wasimamizi, na ndani ya miezi minne kuta zikaanza kuyeyuka kwa maji. Matofali yalikuwa mchanga mwingi na udongo mfinyanzi kiduchu. Mimi nikamwambia ukuta unaoyeyuka kila mtu atauona, nitafutie habari za wanawake. Akapata taarifa ya 2013 ya Human Rights Watch, shirika la kutetea haki za binadamu. Wakati huo askari wa kike walikuwa kama asilimia 1 tu ya polisi wa Afghanistan, wengi hawana vyoo vyao, na vilivyopo milango haifungiki au ina matundu ya kuchungulia. Wanakwenda chooni wawili wawili. Nilimwambia arudie kusoma.

Baadaye wafadhili waliwajengea wanawake wa vyombo vya usalama kule majengo mengi, na SIGAR ikakuta baadhi hayatumiki. Mwaka 2021 Taliban wakaingia Kabul, hayo mengine mnayajua.

Sisi Tanzania tuna CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, na ripoti zake nazifuatilia. Lakini CAG na watu wake hawawezi kujifungia katika kila choo nchini, na stakabadhi haisemi komeo limefungwa ndani au nje. Ombi langu ni dogo. Mkandarasi huzuiliwa sehemu ya fedha zake mpaka kipindi cha uangalizi kiishe. Fedha hiyo isitolewe mpaka WP wawili wa kituo husika watie saini, tena wa vyeo vya chini wanaolala pale, wala si mkubwa anayekuja na gari lake na kuondoka nalo. Na wasaini baada ya masika, si kiangazi, wakati kila paa ni zima na kila karo ni kavu. Mtandao wa Polisi Wanawake upo tangu 2007. Kazi ya kuwateua na kuwalinda wasionewe kwa walichoandika inawafaa kabisa.

Jengo letu, mara ya mwisho nilipopita kusalimia, lilikuwa limejaa pikipiki za vielelezo. Choo kimoja tu ndicho kinachotumika. Komeo lake la ndani nililinunua mwenyewe kwa shilingi 3,500, duka la vifaa karibu na stendi. Risiti ninayo.

Sajenti mstaafu,
Morogoro