Mashindano ya snuka ya wakongwe: utaratibu wa Jumamosi

Ndugu wanachama, salaam.

Mashindano yetu ya snuka, mchezo wa mezani wa kuingiza mipira mifukoni kwa fimbo, kwa waliotimiza miaka 40 yataanza Jumamosi saa tatu asubuhi, na washiriki wote wanaombwa kufika nusu saa kabla ili kura ya kupanga michuano ipigwe mbele ya kila mmoja. Umri huo tumeufuata kutoka mashindano ya dunia ya wakongwe, ambayo mchezaji Mwingereza Jimmy White ameyashinda mara nne, ikiwemo mwaka 2023 akiwa na miaka 61. Kwa hiyo sitarajii mtu wa miaka 55 ajitoe kwa kisingizio cha uzee.

Hatua ya awali itachezwa kwa mipira myekundu sita badala ya 15, ambapo alama za juu kabisa kwa zamu moja hushuka kutoka 147 hadi 75, lakini fremu (yaani michezo mmoja mmoja ndani ya pambano) hazitaburuzwa hadi usiku. Nusu fainali na fainali zitatumia mipira yote.

Meza iliyo karibu na dirisha haitatumika, kwa kuwa kitambaa chake kimechakaa kando ya mfuko wa katikati na mpira unaokwenda polepole huvutwa pembeni. Kanuni ya kuacha angalau mguu mmoja sakafuni wakati wa kupiga itasimamiwa kikamilifu, hivyo asiyefikia mpira atumie resti (kijiti cha kuegemezea fimbo), na asichekwe.

Ambao hawajathibitisha wamwandikie mhazini faraghani, si humu kikundini, kabla ya Alhamisi jioni.