Atlasi ya anatomia: ifuate neva moja kabla hujalipa

Kila mwaka vyuo vikifunguliwa, katika duka letu la vitabu huingia mtu wa aina moja. Ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari, mara nyingi na mzazi pembeni, simu mkononi ina orodha ya vitabu, na swali lake ni hilihili: "Kaka, Netter shilingi ngapi?" Netter ni atlasi ya anatomia, yaani kitabu cha michoro ya viungo vya mwili. Tungeweza kumtajia bei, akalipa, akaenda zake. Tatizo ni kwamba baadhi yao hurudi baada ya wiki tatu wakitaka kubadilisha, na jina wameshaliandika ukurasa wa kwanza kwa kalamu ya wino. Ndiyo maana siku hizi, kabla ya bei, tunamwomba mteja afanye jambo dogo. Afungue atlasi mezani, aifuate neva ya mediani, mshipa mmoja wa fahamu wa mkono, kutoka kwapani hadi kiganjani.

Tumeichagua neva hiyo kwa sababu inapita penye mambo. Inaanzia kwenye pleksasi ya brakia, ule mtandao wa neva zinazotoka shingoni kuhudumia mkono mzima. Inashuka sambamba na ateri ya brakia, mshipa mkubwa wa damu wa mkono, inaivuka njiani kutoka upande wa nje kwenda wa ndani, inapita mbele ya kiwiko, inazama katikati ya misuli ya kigasha, kisha inapenya kwenye kijia chembamba cha kifundo cha mkono, palepale inapobanwa watu wakalalamikia ganzi ya vidole. Atlasi ikikufikisha mwisho wa njia hiyo bila kukupoteza, inakufaa. Ukipotea mara mbili, iache, hata kama darasa zima wanayo.

Wengi wanaanza kupotea kwenye rangi, na hapa nitakaa kidogo. Mwanafunzi anakuja na fotokopi nyeusi na nyeupe iliyobanwa kwa waya, amenunua jirani na chuo kwa bei ya sahani chache za chipsi. Hatumlaumu, boom, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, lina mambo mengi ya kulipia. Lakini katika atlasi rangi ni sehemu ya maelezo yenyewe: ateri (zinazotoa damu moyoni) nyekundu, vena (zinazoirudisha) bluu, neva njano. Fungua ukurasa wa kwapa kwenye fotokopi hiyo. Kuna kamba tatu za neva zilizoizunguka ateri, na kila kamba imepewa jina lake kwa kutazama imekaa upande gani wa ateri: ya nje, ya ndani, ya nyuma. Ondoa rangi, unabaki na mirija ya kijivu inayofanana. Utazikariri zile kamba tatu kama shairi, na siku ya mtihani hutajua ipi ni ipi, kwa kuwa ateri yenyewe huioni.

Kiswahili chetu nacho hakisaidii hapo. Mtaani vyote hivyo ni "mshipa": unaodunda ni mshipa, wa kutundikia dripu ni mshipa, wa fahamu ni mshipa, hata ngiri kuna wanaoiita mshipa. Mwanafunzi anapaswa kuanza kuvitenganisha siku ya kwanza, na kitabu chenye rangi kinamfanyia nusu ya kazi.

Jihadhari pia na nakala bandia zenye rangi. Zinauzwa, na nyingine kwa jalada la nje huwezi kuzijua. Tazama vile vistari vyembamba vinavyounganisha jina na kiungo. Kwenye chapa halisi vinafika mahali vinapoelekeza. Kwenye bandia vinafifia katikati, au rangi zimepishana hadi kila mstari una kivuli. Karatasi nayo ni nyepesi, mchoro wa ukurasa wa nyuma unaonekana kupitia wa mbele.

Jambo la pili ni mpangilio, na hili ndilo linalowarudisha wateja wengi kuliko yote. Atlasi nyingine hupanga mwili kwa maeneo: mgongo, kifua, tumbo, mkono, mguu, kichwa na shingo. Nyingine hupanga kwa mifumo: mifupa yote pamoja, mishipa ya damu yote pamoja, neva zote pamoja. Chuo kinachopasua kadava, yaani maiti ya kujifunzia, kwa kawaida hufundisha kwa maeneo, kwa sababu kisu kikiingia kwapani kinakutana na ngozi, mafuta, msuli, ateri na neva kwa mpigo. Kama chuo chako kinafundisha kwa moduli za moyo, upumuaji, mmeng'enyo na kadhalika, atlasi ya mifumo ndiyo itakayokufaa zaidi. Toleo la 8 la Netter, la mwaka 2022, limetoka kwa mipangilio yote miwili, na majalada yanaweza kumchanganya mtu mwenye haraka. Soma maandishi madogo ya jaladani, au tuulize.

Maandishi hayohayo yatakuambia na lugha ya majina. Sobotta, atlasi ya Kijerumani iliyoanza kutoka mwaka 1904, huchapishwa kwa maelezo ya Kiingereza huku majina ya viungo yakiwa ya Kilatini, na pia huchapishwa yote kwa Kiingereza. Netter nayo ina chapa ya Kilatini. Kama mwalimu wako anataja viungo kwa Kiingereza na kitabu kinasema nervus medianus, hapo hujapotea sana. Subiri ufike kwenye misuli ya uso. Sobotta kubwa, tena, ni juzuu tatu. Tumewahi kumpokea kijana aliyenunua juzuu ya kwanza mtandaoni, akawa anatafuta ini humo ndani kwa siku mbili. Ini liko juzuu ya pili.

Sasa, mchoro au picha? Watu hubishana sana juu ya hili. Frank Netter alisomea uchoraji New York kabla ya kusomea udaktari, na alipotoa atlasi yake mwaka 1989 alikuwa ameshachora kwa miaka mingi. Inaonekana: anakuonyesha unachopaswa kukiona na kukiondoa kinachokuziba. Kwa mtu anayeanza, hakuna kitu kizuri kuliko hicho. Ila maiti iliyokaa kwenye formalini, dawa ya kuihifadhi isioze, haina njano wala bluu. Kila kitu ni kahawia na kijivu. Neva unaijua kwa kuishika, ni kamba iliyojaa. Ateri ina ukuta mnene na tundu katikati. Vena imelala bapa. Mwanafunzi aliyezoea michoro peke yake anaweza kuduwaa siku ya mtihani wa pini, ule wa kupita meza hadi meza kengele ikilia. Kwa hiyo atlasi ya picha za maiti halisi, kama ya Rohen na Yokochi, ina kazi yake, lakini tungependa iwe kitabu cha pili, cha kuazima maktaba wiki za kuelekea mtihani. Atlasi ya Grant, iliyoandaliwa Toronto na kutoka mwaka 1943, imekaa katikati: ni michoro, lakini ilichorwa kwa kufuata maiti zilizopasuliwa kweli, kwa hiyo inafanana zaidi na kilicho mezani.

Na hakuna atlasi itakayofanana na kila mtu. Gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha kunja kifundo cha mkono kidogo. Kano ikitokeza katikati, una msuli wa palmaris longus, na neva yetu ya mediani inapita jirani yake. Isipotokeza, huenda huna msuli huo, na huumwi. Mwambie rafiki yako naye ajaribu. Kingine kinachotukera: miili mingi iliyochorwa humo ni ya wanaume wa Kizungu. Matoleo ya karibuni yameanza kurekebisha, taratibu.

Mtu akituuliza kama anunue toleo jipya au la mitumba, mara nyingi tunamshauri mitumba, ingawa faida yetu inapungua. Ini halijahama. Kinachobadilika ni namba za michoro, hivyo mwalimu akisema "tazameni mchoro namba fulani" utahangaika kidogo. Picha za CT na MRI, zile za mashine za hospitali zinazoonyesha ndani ya mwili, pia huongezeka. Kagua kurasa zote zipo, hasa za nyonga, hizo huchanwa kuliko nyingine. Kitabu kikinuka formalini ujue kimeshaingia chumba cha kupasulia, na ndicho cha kuingia nacho tena. Kile kipya kiache hosteli, maana mafuta ya kadava yakishagusa karatasi hayatoki.

Kwa wanaosomea uuguzi au utabibu ngazi ya diploma: mara nyingi hamhitaji atlasi kubwa hata kidogo. Hela hiyo nunueni kitabu kinachoeleza muundo na kazi za mwili kwa pamoja, kama Ross and Wilson. Programu za simu zenye viungo vya kuzungusha ni nzuri kwa kujipima, mradi chaji na kifurushi vipo.

Atlasi za kufungua tumeziweka kwenye meza ya dirishani, penye mwanga, na hakuna atakayekuharakisha. Njoo na mtaala wa kozi yako, hata ukiwa picha kwenye simu, tuone chuo chako kinafundisha kwa maeneo au kwa mifumo. Ukinunua, una siku 7 za kubadilisha kitabu kikiwa safi. Jina liandike siku ya nane.