Msiimwagie maji michoro ya Kolo

Mhariri,

Makala yenu kuhusu Kondoa iliisifu michoro ya kale ya miambani ya Kolo vizuri, kisha ikaharibu yote kwa sentensi moja: eti mgeni abebe chupa ya maji aurashie mwamba ili rangi ikolee. Nimelisikia neno hilo vijiweni miaka mingi nikanyamaza. Kulikuta gazetini kumenishinda.

Maji hayo ndiyo yanayoiua michoro. Yanapenya kwenye vitundu vya jiwe na kuyeyusha chumvi iliyomo. Jua likipiga yanakauka, chumvi inabaki. Inayoganda chini ya rangi huibandua vipande vyembamba kama magamba, na inayobaki usoni huacha utando mweupe usiofutika. Juzi hapo Mungomi wa Kolo, moja ya sehemu zenye michoro hiyo, kundi la wageni lilimmwagia twiga mwekundu aliyechorwa mwambani chupa nzima. Picha zikapigwa, maji yakateremka na vumbi, mchirizi ukabaki. Mwongozaji alikuwa pembeni, hakusema neno. Na hapo ni Urithi wa Dunia tangu 2006! Anayetaka rangi ionekane asubiri mwamba uwe kivulini, azime flashi, apige picha, kisha aipitishe kwenye DStretch, programu ya kukoleza rangi zilizofifia pichani. Wekundu uliofifia utajitokeza bila tone la maji. Mikono nayo ikae mbali, mafuta ya vidole hunasa vumbi.

Njia pia hamkuieleza. Ukifika Kolo kwenye lami ya Dodoma–Babati, anzia ofisini: lipa kibali, chukua mwongozaji. Kuanzia hapo ni vumbi kama kilomita 10, na kuna mto wa mchanga wa kuvuka. Gari dogo liache Kolo. Mwenye gari la kuvuta magurudumu yote apunguze upepo wa tairi hadi paundi 20 hivi, aende mwendo mmoja, asikanyage breki katikati. Mvua ikinyesha milimani, asivuke.

Mchanga huo ni udongo wa milima ya Irangi uliomomonyoka. Mradi wa kuokoa udongo huo, HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma), ulianza 1973, mifugo ikaondolewa 1979, nyasi na miti vikarudi. Leo ng'ombe wamerudi, mashoka ya wachoma mkaa yanalia, na ninyi hamjaandika hata mstari.

Pale gari linapoishia iwekwe meza: mgeni anywe maji yake, chupa iachwe hapo, ndipo apande. Nanyi chapisheni masahihisho ukurasa uleule, kwa herufi kubwa zilezile.

Msomaji wenu,
Kondoa