Kazi zinazokufa ukitoka kwenye seva

Habari za jioni wanakikundi. Jana tena mtu kaanzisha kazi ya saa sita kwenye seva yetu, akatoka, asubuhi kakuta faili limeishia katikati. Nohup, amri ya kuifanya kazi iendelee ukitoka, aliweka, na alama ya & ya kuiendesha chinichini pia!

Nohup inazuia ishara ya HUP tu, ile ya enzi za modemu, laini ya simu ikikatika. Siku hizi systemd, programu inayosimamia huduma na watumiaji kwenye Linux, yenyewe inaweza kufagia kila ulichokiacha ukitoka. Toleo la 230 la mwaka 2016 liliifanya hiyo kuwa kawaida. Watu walilalamika sana, Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, wakaizima. Kwetu imewashwa, na siizimi: mwezi uliopita tulikuta programu za watu walioondoka kitambo zinakula memori.

Basi fanyeni hivi. Mara moja tu, kuruhusu kazi zenu zibaki mkitoka (linger):
loginctl enable-linger
Kisha kila mkianza kazi ndefu, ifungueni ndani ya tmux, dirisha la amri linaloendelea hata ukiliacha:
systemd-run --scope --user tmux

Tmux ukiifungua peke yake itafagiwa vilevile, msinilaumu. Kutoka ndani bonyeza Ctrl-b halafu d. Ukirudi, andika tmux attach. Ikikataa ruhusa ya linger, niandikieni inboksi.