Barua kwa Mwanaidi, kutoka milima ya Iya

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam aleikum, habari za masiku, za mama, za wanao, za Tanga kwa ujumla. Mi huku mzima wa afya, ni baridi tu ndo inataka kunitoa roho. Ile voisi noti yako nimeisikiliza, umecheka mpaka ukakohoa, eti Zuhura kapanda ndege mpaka Japani kwenda kulima magimbi. Haya cheka. Ila nimeona bora nikuandikie maana kwenye simu hunipi nafasi hata nimalize sentensi, afu kuna jambo nataka nikuulize, ntalifikia huko chini, usiruke kwenda kulitafuta.

Kwanza ile Japani ya maghorofa na mataa itoe kichwani. Ipo, si uongo, lakini mi naishi kisiwa cha Shikoku, ndo kidogo kuliko vyote kwenye vile vinne vikubwa, mkoa wa Tokushima, kwenye bonde linaitwa Iya. Fikiria tunavyopandaga Lushoto kutokea Mombo, korongo upande mmoja na mwamba upande wa pili, manyumba yako juu huko mlimani mpaka unajiuliza mtu wa pale akisahau chumvi anafanyaje, na ukungu hautoki mpaka saa nne asubuhi. Ndo hapa hapa. Sasa toa watoto barabarani, toa bodaboda, toa wamama wanaokimbilia basi na matunda, bakiza wazee peke yao. Umeshapata picha.

Hadithi ya wenyeji ni kwamba mababu zao ni watu wa ukoo wa Heike, walipigwa kwenye vita mwaka 1185 wakakimbilia huku wajifiche. Na kweli ukitaka kujificha huku watakutafuta mpaka wachoke. Kuna daraja maarufu la kamba za porini, hiyo mimea inayotambaa juu ya miti, urefu mita 45 na chini yako mtoni ni mita 14, wanasema zamani maadui wakija unalikata tu basi yameisha. Siku hizi wanalisuka upya kila baada ya miaka mitatu na ndani wameficha nyaya za chuma, ila usidanganyike, vile vijiti vya kukanyagia vimeachana, unaona maji yanapita chini ya unyayo wako. Watalii wanavuka wamekumbatia pembeni. Ntakupeleka nikurekodi.

Kazi uliyoniuliza: kuna mpango wa serikali ulianza 2009, halmashauri za vijijini zinaajiri watu wa kutoka mjini waje kuchangamsha vijiji, wanakulipa mshahara wa kawaida tu, mkataba wanaongeza kila mwaka mpaka mitatu afu basi. Wageni pia wanaruhusiwa mradi lugha unaiweza, na mi baada ya chuo nikaona kuliko kubanana kwenye treni za Tokyo bora hivi. Kwaio nafanya kila kitu, leo nasaidia kwenye vyumba vya kulala wageni, kesho nafasiri kwa watalii, keshokutwa nabeba magunia ya viazi ya mzee mmoja mgongo unamuuma. Hayo magimbi yako unayonicheka nayo ni magimbi kweli, hayohayo ya kwenu Muheza ila madogo madogo ya mviringo, wanapika na mchuzi wa soya. Nazi hawajui kama inahusika. Nliwatilia tui siku moja, babu mmoja akala bakuli tatu hakusema neno, kwa mwanaume wa huku hiyo ni hotuba ndefu.

Afu huku mi ndo kijana, Mwanaidi. Mimi! Na haya magoti yangu. Bibi jirani keshapita themanini na tano na bado anaendesha kirikuu, tena hizi hizi Suzuki Carry zinazobeba magodoro huko kwetu, huku kila shamba lipo na moja nyeupe, na alivyo mfupi ukikutana nae kwenye kona unaona usukani na kofia tu. Nlivyofika niliwaza sana kuhusu mtandio, watanionaje. Kumbe wamama wote wa shambani huku wanajifunga vichwa, wengine na kofia za kitambaa zinafunika mpaka shingo, bibi aliniangalia akasema vizuri umejifunga jua kali, mada ikaisha. Mjini kwenye treni mtu anaweza kuacha siti ya pembeni yangu wazi hata watu wamesimama, hilo sikufichi lipo, ila huku bondeni tatizo ni kinyume chake, hawakuachi. Nafungua mlango asubuhi nakuta kabichi mbili na figili ndefu kama mkono wangu, hakuna jina hakuna karatasi, sasa uanze kuchunguza ni nani ili na wewe umpelekee kitu, maana usiporudisha unaonekana wa ajabu. Hilo nililijua toka kwa bibi yangu, sahani ya jirani hairudi tupu.

Na msaragambo upo! Nisingeamini. Jumapili wanatangaza kufyeka majani barabarani na kuzibua mitaro, kila nyumba itoe mtu mmoja, vijiji vingine usipotokea unalipa faini kabisa. Taarifa zinakuja kwenye faili linalozunguka nyumba kwa nyumba, unasoma unaweka saini unapeleka kwa anaefuata, kwaio hata kama hutaki kuonana na mtu utaonana nae tu. Zaidi ya hapo kuna vipaza sauti kwenye nguzo, ni vya kutangazia tetemeko na kimbunga, sasa ili wajue havijafa kila siku saa kumi na moja jioni vinapiga muziki bonde zima. Mara ya kwanza nilikua nafua, nikasimama nikijua adhana, moyo ukaruka. Ikatoka nyimbo ya watoto.

Duka? Hakuna duka. Yaan lipo mbali, ndo maana kuna duka linalotembea, kigari kidogo kimejaa friji na mashelfu, kinaitwa Tokushimaru, kilianzia mkoa huuhuu 2012 afu kikasambaa nchi nzima. Kinakuja na wimbo wake, wazee wanatoka na vikapu, bei wameongeza kidogo kwa kila kitu lakini kwa mtu asiye na gari ni nafuu, na dereva ndo anaejua nani wiki hii hakutoka nje. Njiani pia kuna vibanda vya mboga visivyo na muuzaji, mafungu yamepangwa na kopo la hela pembeni, yeni 100 kila fungu, kama buku na kitu ya kwetu, unadumbukiza unachukua. Najua umeshaanza kuwaza kopo lingekaa muda gani Ngamiani, na mi niliwaza hivyohivyo.

Chakula ndo mtihani kwa Muislamu. Nguruwe anajificha, yupo kwenye supu, kwenye kari ya paketi, kwenye biskuti mafuta yake, na pombe ya kupikia inaingia kwenye mchuzi ambao ukiuona hutafikiria, kwaio nimejifunza kusoma maandishi ya nyuma ya paketi kuliko kitabu chochote nilichosomeshwa. Nyumbani napika mwenyewe, samaki, mayai, tofu ile kama jibini ya soya, na soba ya huku milimani, tambi za unga wa mbegu fulani za huku sijui nikwambieje, nyeusinyeusi fupi zinakatika. Samaki wa mtoni wanamchoma na chumvi kwenye kijiti, wanamkamulia sudachi, kindimu kidogo cha kijani ambacho Tokushima ndo kwao, na hapo nakua nimerudi Tanga kwa dakika tano. Wazee wameshazoea, wakinialika mtu anapiga simu kabla, anauliza huyu Zuhura kuku anakula? Kuku naye mchinjaji hajulikani, naishia kwenye samaki, hawabishi.

Kuoga je. Kuna chemchemi za maji moto, na wanaingia uchi wa mnyama, wanawake kwao wanaume kwao, hakuna nguo hata kipande, bibi jirani ananivuta kila Ijumaa. Sijaenda na siendi. Ila baadhi ya sehemu zina bafu za kukodi kwa saa moja, unafunga mlango uko na familia yako, hapo ndo nimeonja, we shoga, hayo maji kwenye baridi hii! Maana nyumba zao ni za mbao na karatasi, hazina joto, unawasha jiko la mafuta ya taa chumba kimoja, vyumba vingine unapita unakimbia. Kuna meza fupi ina hita chini na blanketi juu, unaingiza miguu, ukishaingiza hutoki mpaka isha ikukute. Namaanisha sala inakukuta umekaa na udhu wa maji ya barafu unakusubiri.

Nikipata nafasi natembea. Treni ya huku ni behewa moja la dizeli, dereva ndo kondakta, unaingia mlango wa nyuma unachukua kikaratasi chenye namba, mbele kuna ubao unaonyesha namba yako imefika bei gani, ukishuka unadumbukiza mbele ya dereva. Kuna stesheni moja ya Tsubojiri iko ndani ya msitu, gari haifiki kabisa, treni inaingia na kurudi kinyumenyume, abiria hakuna, ila watu wanatoka Tokyo kuja kuipiga picha. Kuna tiketi ya msimu wa likizo, yeni 12,050 siku tano unapanda treni za kawaida za JR, yale makampuni makubwa ya reli, nchi nzima, zamani ungeweza kugawa siku zako upendavyo, tangu mwisho wa 2024 lazima zifuatane, watu wamelalamika mpaka leo na mi nimo. Njiani nawakuta mahujaji wamevaa nyeupe na fimbo, wanazunguka mahekalu 88 ya kisiwa hiki, kama kilomita 1,200 ukienda kwa mguu, na wanakijiji wanawapa machungwa, chai, hata hela. Siku moja mama mmoja kanipa na mimi machungwa nikamwambia mi sio hujaji nimeshuka basi tu. Akasema unatembea, si ndio? Nikapokea.

Sasa lile jambo.

Mbele kidogo bondeni kuna kijiji kinaitwa Nagoro. Kuna mama anaitwa Tsukimi Ayano alirudi pale kutoka Osaka, akashona sanamu la kufukuzia ndege shambani, akalifananisha na baba yake, afu akaendelea, kila mtu akifa au akihama, yeye anamshonea sanamu lake. Saivi masanamu yamepita mia tatu na watu walio hai hawafiki thelathini. Shule ilifungwa 2012, ndani ameweka wanafunzi na walimu wa vitambaa wako darasani. Watalii wanacheka, wanapiga picha. Mi nlienda na bibi jirani, akawa anawaangalia anawataja, huyu alikua fundi, huyu alikua ananidai. Njia nzima ya kurudi hakuongea, afu kufika kwake akazima gari akaniambia nyumba ya kaka yake ipo tupu miaka sasa, watoto wako Osaka hawaitaki, kama naitaka nichukue, hela ntakayotoa ni ya kuandikisha hati tu na kodi.

Usidhani ni bahati ya kipekee. Nchi hii kwenye hesabu ya 2023 ilikua na nyumba tupu milioni 9, halmashauri zina orodha zake kwenye mtandao. Nyumba ni nzuri, nguzo nzito, mlima mzima mbele yako. Paa linavuja. Hospitali ya maana ni mbali na barabara ikiporomoka wakati wa vimbunga umefungiwa. Hayo yana dawa. Yasiyo na dawa ni mawili. Ndani kuna madhabahu ya mizimu ya ukoo, na makaburi yao yako nyuma ya nyumba, bibi anatamani atakaekaa awawekee maua na maji, hajasema wazi ila nimemuelewa, na mi siwezi kuyafanya hayo na pia siwezi kumwambia mwanamke wa umri ule ayatoe. La pili nitazikwa wapi. Huku zaidi ya asilimia 99 ya maiti zinachomwa, makaburi ya Waislamu nchi nzima ni ya kuhesabu, na mimi nikisaini ile nyumba nakua nimesema nabaki. Usinambie bado mdogo, ajali haina umri na baridi hii nayo nina mashaka nayo.

Upande wa pili, nikiondoka nani atamshushia bibi mtungi wa mafuta kutoka kwenye gari? Ni lita 18 ule, anaukumbatia na miguu inatetemeka. Ndo swali langu hilo, na usinijibu kwa voisi noti ya kucheka.

Njoo kwanza uione. Novemba mwanzoni, majani yanakua mekundu na baridi bado haijawa kali. Viza wanataka barua ya mwaliko na ratiba ya kila siku, hizo naandaa mi nakutumia kwa posta, we unapeleka ubalozini kwao pale Dar pamoja na zako za benki. Ukishuka Tokyo panda treni ya kasi mpaka Okayama, pale unabadilisha, unavuka bahari kwenye daraja kubwa la Seto lililofunguliwa 1988, unashuka Oboke, ntakua nimesimama pale maana stesheni hiyo haina watu wa kukupoteza. Nyama kavu usibebe wala maembe, watakunyang'anya uwanja wa ndege. Niletee majani ya chai, iliki, na kanga doti nne, moja iwe ya maua mekundu ya bibi, ila kabla hujanunua nisomee jina lake kwenye simu, asije akavaa matusi kijiji kizima.

Wasalimie wote, mama mwambie dawa ya magoti nimetuma.

Wako,
Zuhura